Kabla Maikrofoni Haijazimwa



Likizo iliyopita, tulipokuwa nyumbani Buseresere, tulikwenda kumsalimu kaka mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo ambaye sauti yake tumeisikia redioni tangu tukiwa seminari ndogo. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi katika kituo kimoja cha Kanda ya Ziwa. Tulimkuta saa nne asubuhi, siku ya kazi, amekaa nje ya nyumba anamenya mihogo pamoja na mama yake. Baada ya shikamoo na marahaba tukamwuliza kama naye yuko likizo. Akacheka. "Likizo ya moja kwa moja, mafrateri," akasema. Mama yake hakucheka.

Mwezi Machi yeye na wenzake kadhaa waliitwa ofisini, wakaambiwa kwamba kituo hakina tena fedha ya kuwalipa watangazaji wote, na kwamba mwisho wa Juni wangepunguzwa. Kwa hiyo alikuwa na miezi mitatu ya kufanya kazi huku akijua tarehe ya mwisho wake. Alitusimulia jinsi miezi hiyo ilivyokwenda, na kabla hatujaaga akatuuliza swali: "Ninyi mnaosoma falsafa, hebu niambieni. Mtu akishajua kwamba anaondolewa, siku zilizobaki anamfanyia nani kazi?"

Pale pale hatukuwa na jibu la maana. Tulisema mambo ya Mungu kufungua mlango mwingine, naye akaitikia kwa heshima, kama watu wanavyowaitikia mafrateri. Makala haya ni jaribio letu la kumjibu vizuri zaidi.

Ukanda unaojua kuisha

Sisi wa ukanda wa dhahabu hatuhitaji kuhubiriwa kwamba kazi ina mwisho. Mwaka 2017, baada ya serikali kuzuia kusafirisha makinikia nje ya nchi, mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza shughuli zake na wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulifikia mwisho wa uhai wake mwaka 2021. Na hapa kwetu, Buseresere na jirani zetu wa Katoro, kila mtu anamjua mchimbaji mdogo aliyepata dhahabu nyingi kwenye duara moja, akawanunulia bia watu asiowajua, na mwamba ulipopotea akaanza kuomba nauli. Tunamjua pia mwingine aliyepata kidogo kuliko huyo, lakini kabla mwamba haujapotea alikuwa ameezeka nyumba ya mama yake kwa bati na kulipa ada za wadogo zake. Dhahabu ilikuwa ile ile. Wa kwanza aliishi kana kwamba duara halina mwisho. Wa pili alichimba akijua kwamba linao.

Redio nayo ni duara. Matangazo ya biashara yanahamia kwenye simu, mfadhili anamaliza mradi wake, mwenye kituo anabadili mawazo. Wala tusidhani kwamba ni vituo vidogo tu vinavyotikisika. Mwezi Machi 2025, baada ya Rais Donald Trump kutia saini amri ya kupunguza shirika linalosimamia utangazaji wa nje wa Marekani, wafanyakazi zaidi ya 1,300 wa Sauti ya Amerika walipewa likizo ya lazima kwa siku moja. Idhaa ya Kiswahili, ambayo wazee wetu wameisikiliza kwa miongo mingi, ilikumbwa pia. Kituo hicho kilichoanza mwaka 1942 kilinyamaza, na baadhi ya masafa yakabaki yanapiga muziki. Watangazaji waliokuwa na kipindi kesho yake hawakupata hata nafasi ya kuwaaga wasikilizaji wao.

Tukimlinganisha kaka yetu na hao, tunaona kwamba alipewa kitu ambacho wao hawakupewa. Alipewa notisi. Kanisa katika Litania ya Watakatifu limeomba kwa karne nyingi kuepushwa na kifo cha ghafla. Halikuomba hivyo kwa kuogopa kufa. Liliomba ili mtu apate muda wa kutengeneza mambo yake. Mwenye notisi ana muda huo. Shida ni kwamba muda huo una vishawishi vyake.

Vishawishi vitatu

Kishawishi cha kwanza ni kulala. Mtu anakuja kazini mwili tu. Kipindi cha saa tatu kinajazwa nyimbo na salamu, simu za wasikilizaji hazipokelewi, taarifa ya jana inasomwa tena leo. Kaka yetu alikiri kwamba wiki mbili za kwanza alifanya hivyo hivyo.

Cha pili ni kulipiza kisasi. Maikrofoni iko mbele yako, na siri za mwajiri unazijua. Asubuhi moja naye aliteleza, akarusha maneno ya mafumbo juu ya wakubwa wake, na wasikilizaji wakapiga simu kumshangilia. "Nilijisikia mtu mkubwa kwa dakika kumi," alituambia. "Halafu nikakumbuka kwamba wale wenzangu wanaobaki ndio watakaoulizwa." Siku ile ile alimwendea meneja akaomba radhi. Hatusemi kwamba mfanyakazi anyamaze akionewa. Tunasema kwamba malalamiko ya kazi yana mahali pake, na kipindi cha asubuhi si mahali pake.

Cha tatu ndicho kibaya kuliko vyote, nacho ni kuuza. Zikiwa zimebaki wiki tatu, mtu mmoja alimtafuta. Alikuwa wakala wa mganga anayetangaza dawa ya mali na bahati ya machimboni. Alitaka nusu saa ya mahojiano, mganga aelezwe kama mtaalamu na namba yake ya simu isomwe hewani mara tatu. Malipo yalikuwa laki tatu, yanaingia kwenye simu ya mtangazaji, kituo hakihusiki. Wakala hakuficha sababu za kumchagua: "Wewe unaondoka. Watakufanya nini?"

Msomaji wa mbali anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Sisi wa huku tunajua si dogo. Tangu mwaka 2007 hivi, Kanda ya Ziwa ilijulikana duniani kote kwa mauaji ya watu wenye ualbino, na imani iliyoyachochea ilikuwa hiyo hiyo ya utajiri wa haraka machimboni na ziwani. Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema, aliyekuwa akiongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, aliingia kwa siri kwa waganga wa kanda hii akaonyesha jinsi biashara ya viungo vya binadamu ilivyofanyika, kisha akalazimika kujificha kwa ajili ya vitisho. Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Mwezi uliofuata, katika wilaya yetu hii ya Chato, mtoto wa mwaka mmoja mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake, na baadaye mwili wake ukapatikana umekatwa viungo. Wengi tunaosoma makala haya tulikuwa shuleni. Tunakumbuka wazazi walivyoanza kuwasindikiza watoto.

Hatusemi kila mganga ni muuaji, na hatusemi mganga yule alikuwa na nia hiyo. Tunasema kwamba anayewaambia vijana wa machimboni kwamba kuna dawa ya dhahabu anafungua mlango ambao hawezi kuufunga. Nusu saa ile ingesikika kwenye maduara, kwenye saluni, kwenye vibanda vya kuchaji simu. Na wakala alielewa jambo ambalo sisi tulichelewa kulielewa, kwamba mtu hatari zaidi katika kituo ni yule asiyekuwa tena na cha kupoteza.

Kaka yetu alikataa. Hakukataa haraka, alikaa na ombi lile usiku mzima, kwa sababu laki tatu ilikuwa kodi ya nyumba na mahitaji ya shule ya mtoto wake. Alipotusimulia hakujisifu. Alisema tu, "Ningeondoka mimi, ile namba ingebaki vichwani mwa watu."

Wakili aliyepewa notisi

Katika Injili ya Luka, sura ya 16, kuna mtu aliyekuwa katika hali hii hii. Ni yule wakili aliyeambiwa na tajiri wake atoe hesabu kwa sababu uwakili unamtoka. Hana nguvu za kulima na anaona aibu kuomba. Basi anawaita wadeni mmoja mmoja. Aliyekuwa anadaiwa vipimo 100 vya mafuta anaandikiwa 50. Wa vipimo 100 vya ngano anaandikiwa 80. Na bwana wake, badala ya kumlaani, anamsifu kwa busara.

Dominika ya 25 ya mwaka C masomo hayo yanaposomwa, wahubiri wengi hupata taabu. Yesu anasifu wizi? Wako wafafanuzi wanaosema kwamba kile alichokipunguza kilikuwa ile sehemu yake mwenyewe, faida aliyojiongezea juu ya deni. Wengine wanasema alikuwa mdanganyifu hadi mwisho, na kwamba kinachosifiwa ni kitu kimoja tu: alielewa kwamba muda ni mfupi, akautumia. Hatuna uwezo wa kumaliza ubishi huo. Lakini njia zote mbili zinafika mahali pamoja. Wakili hakulala na hakulipiza kisasi. Aliangalia bado ana nini mkononi, akaona ana kalamu na hati za madeni kwa siku chache, akazitumia ili watu wapumue.

Mtangazaji mwenye notisi ana nini mkononi? Ana saa tatu za asubuhi. Hana haki ya kuzigawa kama mali yake. Hapo ndipo anapotofautiana na wakili. Ana haki, tena ana wajibu, wa kuzitumia kwa yale ambayo ziliwekwa kwa ajili yake.

Haya ndiyo aliyofanya kaka yetu baada ya zile wiki mbili za kulala. Alichukua daftari akaandika ahadi zote alizowapa wasikilizaji kwa mwaka mzima bila kuzitimiza. Zilikuwa kumi na moja. Kijiji kimoja kilikuwa kimemwomba aje aone kisima kilichoharibika. Alikwenda kwa bodaboda, akarekodi kina mama, akamtafuta kiongozi husika naye akajibu hewani. Katika zile ahadi kumi na moja alitimiza saba. Kisha akamwendea meneja akaomba ruhusa ya kunakili kwenye flashi mahojiano ya wazee aliyoyafanya kwa miaka sita, kwa sababu kompyuta ya studio ilikuwa ikijaa na faili za zamani zilikuwa zikifutwa. Meneja alikubali, na nakala moja ikabaki kituoni. Baadhi ya wazee wale wamekwisha kufariki. Sauti zao zipo. Mwisho, kila siku baada ya kipindi alikaa saa moja na binti mmoja aliyekuwa akijitolea pale, akimfundisha kuhariri sauti, kuuliza swali fupi na kunyamaza mtu anapojibu.

Siku ya mwisho aliaga kwa dakika tano. Aliwaambia wasikilizaji ukweli kwamba anaondoka, akawashukuru, akamtaja binti yule kwa jina ili wampokee, kisha akasoma taarifa za maji na za soko kama kawaida.

Anamfanyia nani kazi?

Turudi kwenye swali lake. Aristotle anatofautisha kutengeneza na kutenda. Anayetengeneza kiti ana lengo lililo nje ya kazi yenyewe, yaani kiti. Kiti kikivunjika, kazi yake imepotea. Lakini anayetenda haki, au anayesema ukweli, lengo lake limo ndani ya tendo lenyewe, na hakuna anayeweza kulifuta hata akimfuta kazi mtendaji. Tunafikiri kazi ya redio ina vyote viwili. Kuna kipindi, na kipindi kitakwisha. Kuna pia tendo la kumwambia jirani jambo la kweli kwa wakati wake, na hilo haliko mikononi mwa mwajiri kulitoa au kuliondoa.

Historia ya redio hapa nchini inatusaidia kuona hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia Radio Tanzania kwa majuma 12, na watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza na kujadili malaria, kuhara na usafi. Kipindi kilikwisha. Vyoo vilivyochimbwa vilibaki, na watoto ambao hawakuugua wakakua wakawa babu na bibi zetu na wazazi wetu. Hakuna hata mmoja kati yetu anayekumbuka majina ya watangazaji wa kampeni ile, na faida yao tunayo miilini mwetu.

Basi jibu letu kwa kaka ni hili: tangu siku ya kwanza ulikuwa ukimfanyia kazi yule anayesikiliza. Mwajiri alikulipa mshahara, na mshahara huo ulikuwa haki yako, lakini mama wa kisimani hakupokea notisi yoyote. Kwake yeye, asubuhi ya tarehe 29 Juni ilikuwa asubuhi kama nyingine, na alihitaji habari ya kweli kama siku nyingine.

Haki isigeuzwe kuwa mahubiri

Tunajua jibu hilo linaweza kutumiwa vibaya. Mwajiri anaweza kulikata na kulibandika ukutani: fanyeni kazi kwa moyo mpaka siku ya mwisho, thawabu yenu iko mbinguni. Hatukubali. Tangu Papa Leo XIII alipotoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limefundisha kwamba mfanyakazi si chombo. Mtakatifu Yohane Paulo II alilirudia hilo katika Laborem Exercens mwaka 1981, akiweka utu wa mfanyakazi juu ya mtaji.

Kwa hiyo mtangazaji mwenye notisi asione aibu kujua haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu awajulishe, aeleze sababu na ashauriane nao kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka kumi. Anastahili pia cheti cha utumishi. Akiona ameachishwa isivyo haki, anapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki zao kwa kungoja. Wanakaa wakitumaini kuitwa tena, na siku zinapita.

Lakini yule binti aliyekuwa akijitolea hana mkataba. Vyumba vingi vya redio nchini vinaendeshwa na vijana kama yeye, wanaopewa nauli na ahadi. Sisi wa Kanisa tusinyooshe kidole kwa wengine tu. Palipo na chombo cha habari cha jimbo au cha shirika, neno "kujitolea" ni tamu sana, na linaweza kuficha deni. Anayejitolea kwa hiari na kwa muda unaojulikana anafanya jambo jema. Anayefanya kazi ya mwajiriwa kwa miaka mitatu bila karatasi hajitolei, anadai. Mwajiri Mkristo naye ana siku zake za mwisho za kutumia vizuri. Aseme ukweli mapema, aandike barua za kuwapendekeza watu wake, asiwaache wasikie habari zao kwa wapita njia.

Na sisi

Tungeweza kuishia hapo, tukawa tumewashauri watangazaji kuhusu kazi ambayo hatujawahi kuifanya. Lakini swali la kaka yetu linatugusa na sisi. Kila mwaka, mwezi Juni, wapo wenzetu wanaoambiwa wapumzike. Baadhi tulisoma nao tangu kidato cha kwanza. Wengine wanajua tangu Pasaka kwamba hawatarudi, na tumeona wanavyotofautiana katika majuma yale. Yupo aliyeacha kuja kanisani kabisa. Yupo aliyeendelea kuwanyoa wenzake nywele, kulisha nguruwe kwa zamu yake na kumsaidia aliyekuwa akishindwa mantiki, mpaka asubuhi ya kupanda basi. Huyo wa pili hakuwa na cha kumwonyesha gombera tena. Hatujui alimfanyia nani kazi ile kama si sisi na Mungu.

Nanyi waamini mmewaona mapadre wakihamishwa. Mmemwona paroko ambaye barua ya uhamisho ikifika anaacha vitabu vya parokia bila kujazwa, na mmemwona mwingine anayekesha akiandika majina ya waliobatizwa ili anayekuja asitaabike. Hamkuhitaji mwalimu wa falsafa kuwaambia yupi alikuwa mchungaji.

Kaka yetu sasa anauza vifaa vya simu Katoro. Biashara ni ngumu, na kiinua mgongo chake hakijalipwa chote. Shauri lake bado linaendelea. Dominika anasoma matangazo ya parokia baada ya Komunyo, na watu hunyamaza kumsikiliza, jambo ambalo katibu aliyemtangulia hakulipata kamwe. Yule binti bado yuko kituoni, na sasa ana kipindi chake.

Asubuhi moja kabla ya kurudi seminari tulimsikia akimhoji fundi wa kisima. Aliuliza swali fupi, kisha akanyamaza.